Tisa Desemba Kijijini Bila Kumsubiri Mgeni Rasmi

Mwaka mmoja tulimsubiri mgeni rasmi tangu saa tatu asubuhi hadi saa saba na ushei. Watoto wa halaiki walikuwa juani, wengine wameshavua viatu na kuvikalia. Gari lilipoonekana, mvua ya vuli nayo ilikuwa inateremka kutoka milima ya Uluguru. Halaiki haikuchezwa, hotuba ikasomewa chini ya turubai, na watoto wakarudi nyumbani wamelowa na hawajaonwa na mtu. Tangu hapo kamati yetu ina sheria moja: saa iliyoandikwa kwenye barua ndiyo saa ya kuanza. Mgeni akikawia atatukuta njiani, na atapewa dakika kumi kama mwingine yeyote.

Kwa hiyo pangeni mambo mazito yaishe kabla ya saa sita mchana, maana Desemba ni mwezi wa vuli na kwetu mvua hupenda alasiri. Barua kwa mtendaji wa kijiji na kituo cha polisi zipelekwe wiki mbili kabla, nakala ibaki kwenye faili. Hilo halina maneno mengi.

Asubuhi anzeni na majembe. Mwaka 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za kitaifa za Uhuru na kuamuru siku hiyo nchi nzima ifanye usafi. Wako walionung'unika, lakini sisi tulibaki na desturi hiyo kwa sababu inafaa: saa moja unusu mpaka saa tatu tunafyeka zahanati na kuzibua mfereji wa kisima. Kijana ambaye hatakaa kusikiliza hotuba atakuja na fyekeo lake, na akishakuja haondoki mpaka pilau liive.

Bendera ndiyo hutuumbua. Kabla ya kuipandisha, kijani kiwe juu upande wa mlingoti, bluu iwe chini upande unaopepea. Mpeni mtu mmoja kazi hiyo na aijaribu jana yake. Wimbo wa Taifa nao utafutiwe mwalimu wa kwaya wa kutoa sauti ya kuanzia. Akianza mzee mwenye furaha, huanzia juu mno, na mkifika kwenye kiitikio kijiji kizima kinapiga yowe.

Sasa, moyo wa siku: wazee. Wawekeni mwanzo, wakati watu bado wana masikio. Hesabuni kwanza. Aliyekuwa na miaka kumi usiku wa Uhuru alizaliwa 1951, kwa hiyo mashahidi wenu wamebaki wachache na wengine hawatembei. Mkishindwa kumleta mzee uwanjani, watumeni wanafunzi wawili nyumbani kwake na simu ya kurekodi, wapitie kwanza kwa mwanawe, wabebe na sukari.

Msimwulize, "Mzee, tueleze maana ya Uhuru." Atawapa hotuba aliyoisikia redioni. Mwulizeni alilala wapi usiku ule, alikula nini, nani alikuwa amelewa. Bibi mmoja wa kwetu alisema yeye aliachwa kulea mtoto mchanga wa dada yake, wakubwa wote wakaenda ngomani, na mpaka leo hajawasamehe. Alisema hivyo akijipiga paja. Watoto waliokuwa wanasukumana nyuma walinyamaza, kwa sababu walimwelewa kabisa.

Baada ya wazee, watoto waigize usiku wenyewe. Hauhitaji vifaa. Uwanjani Dar es Salaam, saa sita ya usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, taa zilizimwa, bendera ya Uingereza ikashushwa gizani, na taa zilipowaka ya Tanganyika ilikuwa juu. Usiku huohuo Luteni Alexander Nyirenda alikuwa kileleni Kilimanjaro na Mwenge. Darasani mkifunga madirisha kwa khanga mna giza la kutosha; Nyirenda apande meza akiwa na tochi. Bendera ya Tanganyika, yenye mistari iliyolala, ichorwe kwenye karatasi na kuandikwa mwaka. Msiitundike mlingotini: siku hizi ina siasa yake, na kamati ya kijiji haina haja ya kwenda kujieleza.

Wakumbusheni pia walimu kwamba hiyo ni siku ya Tanganyika. Zanzibar ilipata uhuru wake Desemba 10, 1963, na Muungano ukaja Aprili 26, 1964. Kila mwaka kuna mtoto anayesoma ubao unaosema "Uhuru wa Tanzania 1961", na kila mwaka kuna babu anayenyanyuka kumsahihisha, akasahau kukaa.

Michezo iwe ya kuchekesha: kuvuta kamba wake kwa waume, kukimbia na magunia, ndimu kwenye kijiko. Mpira wa miguu uacheni kwa siku nyingine, la sivyo utameza alasiri yote na kuleta ugomvi wa penalti.

Chakula: sisi hukadiria kilo moja ya mchele kwa watu wanane, lakini baada ya fyekeo hesabuni sita. Michango pokeeni hata kibaba cha mchele au fungu la vitunguu, na kila kitu kiingie daftarini kwa jina. Hesabu ibandikwe ofisi ya kijiji kabla wiki haijaisha, risiti ya nyama ikiwemo, kwa kuwa nyama ndiyo huulizwa.

Masufuria ya kuazima yapigwe alama ya rangi chini, na vifuniko vipigwe alama ileile. Sufuria hurudi kwa mwenyewe bila shida. Kifuniko ndicho hukutwa mwezi wa tatu kimefunika mtungi wa jirani.