Kinyonga Aliyetaka Kuwa Kila Mnyama

Leo twafungua kitabu cha picha cha watoto wadogo. Msikidharau.

Kinyonga mnamjua, na wengi wenu mnamwogopa. Huyu wa kitabuni alitungwa na Eric Carle, mchoraji wa Marekani aliyefariki mwaka 2021. Kitabu kilitoka mwaka 1975, kikatolewa tena chenye picha mpya mwaka 1984. Kinyonga yule hubadili rangi, huketi kimya, na nzi akipita humnasa kwa ulimi. Siku moja afika mahali wafugwapo wanyama wa kutazamwa. Hapo tamaa yamshika. Atamani ukubwa na weupe wa dubu, na mara anao! Kisha uzuri wa heroe, werevu wa mbweha, shingo ya twiga, gamba la kobe, nguvu za tembo. Mwisho ataka kufanana hata na watu. Mwili wake sasa ni mchanganyiko usio na jina. Ndipo nzi apita. Njaa yamwuma, naye hawezi kumkamata.

Wazee huuliza: Je, mtoto ajifanyaye chui asema uongo? La, hasemi uongo. Mwongo ataka asadikiwe. Mtoto achezaye ajua kwamba si chui, na wenzake wajua. Mama akiita kula bukari, chui huyo huja mbio kwa miguu miwili, tena hunawa mikono. Basi msiwakataze mchezo huo.

Kinyonga hakucheza. Alihesabu sifa za wengine wote, yake asiihesabu. Na ni sifa kubwa: ulimi wa kinyonga waweza kupita urefu wa mwili wake, na kila jicho lageuka peke yake. Hata rangi zake hazibadiliki kwa kujificha tu, kama tudhanivyo. Kwa rangi huwaonyesha wenzake hasira au hamu ya kuoa, na hupokea joto la jua. Katika wanyama wote aliowaonea wivu, hakuna hata mmoja amnasaye nzi kwa namna yake. Lakini mimi simlaumu sana, maana ulimi ukikaa kinywani hauonekani, na shingo ya twiga yaonekana toka mbali.

Mkiwasomea watoto, mfikapo penye nzi funikeni kwa mkono ukurasa unaofuata. Waulizeni: Sasa kinyonga aombe nini? Wapeni nafasi ya kujibu, hata wakibishana.