Usimpite Kirangozi: Mbio za Kupunguza Uzito kwa Anayeanza

Misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Tabora. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya kilo 30 hivi, na hawakukimbia. Waliondoka alfajiri, jua likikaza wanapiga kambi, kesho yake tena. Mbele alitangulia kirangozi, na aliyempita alitozwa faini. Kwa sisi wenye miili mizito, somo la mbio ni hilohilo: mwendo wa kudumu.

Mimi nakimbia kwa sababu baba yangu ana kisukari, na daktari aliniambia wazi kuwa kilo zangu 84 zinanisogeza huko.

Tuanze na hesabu. Ukikimbia kilomita 1, unatumia takriban kalori 1 kwa kila kilo ya mwili wako. Kwangu mimi kilomita 3 ni kalori 250 hivi. Soda moja ya mililita 350 ina karibu 150. Kilo moja ya mafuta mwilini ni kama kalori 7,700, yaani safari 30 za kilomita 3. Ukikimbia mara tatu kwa wiki, ni wiki kumi kwa kilo moja! Kwa hiyo mbio peke yake hazitoshi. Boom likiingia, chipsi mayai za kila usiku zipungue. Maharage, mboga na maji viongezeke.

Sasa ratiba, siku tatu kwa wiki, ukipumzika siku moja katikati. Kila mara anza kwa kutembea dakika 5.

Wiki ya 1 na 2: kimbia dakika 1, tembea 2, rudia mara 8.
Wiki ya 3 na 4: kimbia 2, tembea 2, mara 6.
Wiki ya 5 na 6: kimbia 4, tembea 1, mara 5.
Wiki ya 7 na 8: kimbia dakika 25 mfululizo, mdogo mdogo.

Kirangozi wako ni pumzi. Kama huwezi kusema sentensi nzima, umeshampita; punguza mwendo. Wiki ikikushinda, irudie, hakuna anayekudai.

Toka saa 12 asubuhi, hasa Septemba na Oktoba kabla ya mvua, maana mchana jua la hapa halina utani. Njia ya vumbi ni laini kwa magoti kuliko lami. Ile ya kuelekea Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, inafaa sana. Ni kama kilomita 6 kutoka mjini, ila kwa wiki za mwanzo geuza mapema.

Kifua kikibana au ukisikia kizunguzungu, simama, nenda zahanati. Na wakikucheka njiani? Wasalimie, endelea. Mizani pima mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya chai.