SOMO: Uokaji wa Sikukuu na Vikapu vya Zawadi katika Chama cha Msingi



Katika vyama vyetu kadhaa vya msingi akina mama wameanzisha shughuli ya kuoka mikate na keki kwa ajili ya Idd na Krismasi, na baadhi yao wamekwenda mbele zaidi kwa kufunga vikapu vya zawadi vyenye mazao ya wanachama. Ni shughuli njema. Fedha yake huingia upesi, soko lake liko mlangoni, na sehemu ya mahitaji yake hutoka katika mashamba na mabanda ya wanachama wenyewe. Walakini, katika vitabu ninavyovipitia, ni shughuli chache zipotezazo fedha za wanachama kimya kimya kama hii. Mikate yote huisha, watu hufurahi, na ifikapo Februari chama hakina fedha ya kununulia unga. Somo hili laeleza fedha hiyo hupotelea wapi.

Wapo wasemao kwamba ushirika ni wa kahawa, pamba na korosho, na kwamba keki ni mambo ya jikoni. Hao wakumbushwe habari za Rochdale, Uingereza. Duka la wale waanzilishi lilifunguliwa tarehe 21 Desemba 1844, siku nne kabla ya Krismasi, na bidhaa zake za kwanza zilikuwa unga, siagi, sukari, unga wa shayiri na mishumaa kidogo. Isipokuwa mishumaa, hayo ni mahitaji ya mwokaji. Baadhi ya wafanyabiashara wa siku zile walikuwa wakiuchanganya unga na chaki au shabu ili uonekane mweupe na mzito, na mfanyakazi maskini hakuwa na njia ya kujikinga ila kununua kwa pamoja na wenzake. Basi unga safi na mizani ya haki ni mambo ya tangu mwanzo katika ushirika.

NINI KIOKWE, NA LINI

Jambo la kwanza ni kuchagua kitu kitakachodumu mpaka kimfikie mlaji. Mkate wa kumimina, pamoja na utamu wake wote, una tui la nazi, na katika joto la pwani haufai kulazwa. Huo upikwe kwa oda ya siku ile ile tu. Mkate wa mayai hukaa siku chache. Vileja, vilivyotengenezwa kwa unga wa mchele, samli, sukari na iliki, pamoja na visheti vilivyokaangwa vikakauka na kuvikwa sukari, hukaa muda mrefu zaidi katika kopo lililofungwa vizuri, na kwa sababu hiyo ndivyo vifaavyo kusafirishwa. Ajabu ni kwamba vyama vingi hukimbilia keki ya kupambwa, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote kupakia katika basi.

Jambo la pili ni kalenda. Krismasi haihami, bali Idd hutangulia kwa siku kama 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Mwaka 2000 Idd-el-Fitr iliangukia siku mbili tatu tu baada ya Krismasi, na mwaka 2033 yatazamiwa kuangukia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena karibu na tarehe 23 Desemba, kwa kutegemea mwandamo wa mwezi. Katibu anayenakili mpango wa mwaka uliopita bila kutazama kalenda ataagiza unga wakati watu wamekwisha kula. Vitu vikavu vianze kuokwa katika kumi la mwisho la Ramadhani, na oda zote ziwe tayari jioni ya mwezi 29, kwa maana mwezi ukionekana usiku ule hakuna atakayengoja mpaka keshokutwa.

Kwa manufaa ya vyama visivyo na tanuri, naeleza kipimo cha mkate mmoja wa mayai, kwa kuwa hauhitaji hamira wala mashine. Mayai 8 na sukari gramu 250 hupigwa kwa mchapo mpaka yawe meupe, mazito na kujaa chombo. Hapo ndipo unga wa ngano gramu 250, uliochekechwa pamoja na iliki iliyotwangwa, hutiwa kidogo kidogo na kuchanganywa kwa mkono mwepesi. Mkate huu huumuka kwa hewa iliyomo katika mayai tu. Anayeukoroga kwa nguvu baada ya kutia unga huitoa hewa yote, na mkate hulala kama chapati. Chombo kipakwe samli, kiwekwe juu ya makaa machache, na makaa mengi zaidi yapaliwe juu ya kifuniko. Njiti kavu ikichomwa katikati na kutoka safi, mkate umeiva. Kazi ya kupiga mayai ndiyo nzito, na wasioijua huiita kazi ya watoto.

HESABU YA MKATE MMOJA

Sasa tuingie katika hesabu. Bei nitakazotumia ni za mfano tu; kila chama kiweke bei za soko lake.

Tuseme chama kinaoka mikate 10 kwa mkupuo mmoja. Mayai 80 kwa shilingi 400 ni shilingi 32,000. Sukari kilo 2.5 kwa shilingi 3,000 ni shilingi 7,500. Unga kilo 2.5 kwa shilingi 2,000 ni shilingi 5,000. Jumla ni shilingi 44,500. Hapa ndipo vyama vingi huishia. Hugawanya kwa 10, hupata shilingi 4,450 kwa mkate, kisha huuza kwa shilingi 6,000 na kuandika katika muhtasari wa kikao kwamba faida ni shilingi 1,550 kwa kila mkate.

Lakini iliki haikuokotwa njiani: shilingi 3,000. Samli ya kupakia vyombo ni shilingi 1,500, mkaa shilingi 4,000, na karatasi za kufungia shilingi 5,000. Waokaji wawili, shilingi 5,000 kila mmoja, ni shilingi 10,000. Uchakavu wa vyombo tuuwekee shilingi 2,000. Gharama yote sasa ni shilingi 70,000. Tena, katika mikate 10 mmoja huungua au huvunjika, na asiyekubali hivyo hajawahi kuoka kwa makaa. Basi gharama hugawanywa kwa mikate 9 iuzikayo, nayo ni shilingi 7,778 kwa kila mmoja. Chama kilichouza kwa shilingi 6,000 kimepokea shilingi 54,000 na kupoteza shilingi 16,000 katika kila mkupuo. Kikioka mikupuo 40 kwa msimu, hasara ni shilingi 640,000, na kadiri wanunuzi wanavyosifu na kuongezeka, ndivyo shimo linavyozidi kuchimbika. Kwa bei ya shilingi 9,000, mikate ile ile 9 huleta shilingi 81,000, na ziada ni shilingi 11,000.

Nimepata kuambiwa na akina mama, “Bwana Mkaguzi, ujira usiuandike, sisi twajitolea.” Kujitolea ni hiari yao, na si haki ya mtu kuwazuia. Hata hivyo ujira huo uandikwe katika hesabu ya gharama, kisha ionyeshwe kwamba wanachama wameuachia chama. Usipoandikwa, bei itapangwa chini ya gharama yake ya kweli, na siku waokaji watakapochoka kujitolea, chama hakitaweza kupandisha bei bila kugombana na wanunuzi waliokwisha kuizoea.

Msomaji ataona pia kwamba mayai peke yake ni karibu nusu ya gharama yote, na bei ya mayai ndiyo hupanda sikukuu inapokaribia. Hapo pana nafasi ya ushirika wa kweli: chama kifanye mkataba mapema na wanachama wafugao kuku, kwa bei iliyokubaliwa, badala ya kukimbilia sokoni tarehe 20 Desemba. Unga na sukari navyo vinunuliwe kwa pamoja na vyama jirani. Oda zote zichukuliwe kwa arubuni isiyopungua nusu ya bei, kwa stakabadhi, na tarehe ya kuchukua iandikwe.

VIKAPU KWA WAPENDAO CHAKULA

Zawadi ya mtu apendaye chakula si lazima iwe chakula kilichopikwa. Mpishi hodari, kwa maoni yangu, humfurahii kwa keki ya mtu mwingine. Mletee iliki mpya ambayo bado imo katika maganda yake. Iliki iliyokwisha kutwangwa hupoteza harufu upesi, kwa hiyo katika kikapu iwekwe nzima. Iliki yetu nzuri hutoka milima ya Usambara Mashariki, karafuu hutoka Pemba na Unguja, korosho Mtwara na Lindi. Kahawa hutoka Kilimanjaro na Kagera, na huko Kagera mgeni hukaribishwa kwa buni zilizochemshwa na kukaushwa, ambazo hutafunwa. Ukipeleka kifurushi cha buni hizo kwa Mhaya aishiye mbali na kwao, umempelekea sebule ya baba yake. Kwa vile mazao haya yamo mikononi mwa vyama vya ushirika vya mikoa mbalimbali, chama chenye busara huandikiana barua na chama kingine na kubadilishana bidhaa, korosho kwa asali, bila ya kumpitia mtu wa kati. Kikapu chenyewe kiwe cha ukindu, kilichosukwa na wanachama, kwa maana hubaki nyumbani baada ya vitu kuliwa. Mbuzi ya kukunia nazi, au kinu kidogo cha viungo, huweza pia kutiwa humo.

Asali inahitaji maneno yake peke yake. Lita moja ya asali ina uzito wa kilo 1.4 hivi. Chama kinachonunua kwa kilo na kuuza kwa lita, kikidhani ni kipimo kimoja, hujidhulumu chenyewe. Ikinunuliwa kwa shilingi 10,000 kwa kilo na kuuzwa kwa shilingi 12,000 kwa lita, kila chupa ya lita inaondoka na shilingi 2,000 za wanachama, mbali na bei ya chupa. Tena chupa ibandikwe onyo kwamba asali asipewe mtoto aliye chini ya umri wa mwaka mmoja, kwa kuwa huweza kumletea sumu ya hatari.

Kashata za karanga nazo hupendwa sana, lakini karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au kugeuka rangi zichambuliwe na kutupwa. Moto wa jikoni hauondoi sumukuvu. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo iliyokuwa katika mahindi, na karanga ni ndugu wa mahindi katika jambo hili. Chama kitakacho kuuza nje ya kijiji chake kwa jina na lebo yake kianze kwa kufika ofisi ya SIDO ya mkoa, ili kipate maelekezo ya kuomba alama ya ubora ya TBS.

ZAWADI ZITOLEWAZO NA CHAMA

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko mahali pengine. Chama kimoja nilichokikagua kilioka mikate 240 kwa Krismasi. Fedha iliyokutwa sandukuni ilitosha mikate 171. Mweka hazina, mama aliyekitumikia chama miaka 11, alikuwa amekwisha kuitwa mwizi hadharani, na jirani zake walikuwa wameacha kumwamkia. Ilinichukua siku mbili kuifuata mikate 69 iliyosalia. Ishirini na miwili iliungua au kuvunjika. Arobaini na saba ilitolewa zawadi: kwa wageni wa wilaya, kwa dereva wa lori, kwa kwaya, na kwa wajumbe wa Bodi, kila mmoja mikate miwili. Si mkate hata mmoja ulioandikwa mahali popote. Waliotoa walikuwa viongozi wenyewe, nao walikaa kimya wakati mama yule akitukanwa. Alitangazwa kuwa safi mbele ya Mkutano Mkuu, lakini kazi ile hakuirudia.

Mali ya chama si ya mwenyekiti kuigawa kwa ukarimu wake. Ikiwa chama kinataka kutoa zawadi wakati wa sikukuu, kiasi chake kiwekwe katika makisio ya mwaka na kupitishwa na Mkutano Mkuu. Kila mkate utokao bila fedha uandikiwe hati ya kutoa bidhaa, yenye jina la mpokeaji, sababu, na sahihi ya aliyeidhinisha pamoja na ya mweka hazina. Mikate iliyoharibika nayo iandikwe siku ile ile mbele ya shahidi, kisha iliwe au itupwe. Kila jioni daftari la bidhaa lijumlishwe: iliyookwa ilingane na iliyouzwa, iliyotolewa, iliyoharibika na iliyobaki. Kazi hii huchukua robo saa.

MASWALI YA KIKUNDI CHA MASOMO

1. Chukueni bei za soko lenu na mkokotoe gharama ya mkate mmoja wa mayai, mkikadiria kwamba mikate 2 kati ya 10 huharibika.

2. Mwanachama aliyelipa arubuni hakuja kuchukua keki yake mpaka siku ya pili baada ya sikukuu. Chama kifanye nini kuhusu keki, na kuhusu fedha yake? Je, jambo hilo limeandikwa katika stakabadhi zenu?

3. Mgeni kutoka wilayani amefika siku ya kuoka, na mwenyekiti amemwambia mwokaji wa zamu amfungie mikate mitatu. Mwokaji huyo aandike wapi, na aseme nini akiambiwa kwamba hapana haja ya kuandika?