Tunu za Mbwa Katika Nchi ya Zabibu: Daktari wa Mifugo Anajibu

Swali: Daktari, kumpa mbwa tunu nje ya nyakati za chakula si kumdekeza tu?

Jibu: Faida ipo, maadamu tunu hiyo ni ujira wa utii wala si fidia ya kulialia kwake chini ya meza. Mbwa aliyeitwa akaja, akapewa papo hapo kipande cha ini la kuchemsha kisichozidi punje ya haragwe, hufahamu kwa nini amepewa. Ama yule anayetupiwa pande kubwa baadaye, hafahamu lolote ila kwamba bwana wake ni karimu.

Swali: Na kipimo chake?

Jibu: Tunu zote za siku zisipite sehemu moja katika kumi ya chakula chake. Mbwa mzima wa kilo 10 hutosheka na kalori 600 hadi 700 kwa siku, na yai moja la kuchemsha lina kalori 70 hivi. Basi akishapewa yai hilo, fungu lake limekwisha, na ugali wake wa jioni upunguzwe kwa kadiri hiyo.

Swali: Huku kwetu Hombolo, msimu wa mavuno, watoto humrushia mbwa zabibu naye huzidaka kwa furaha. Kuna dhara?

Jibu: Lipo, tena kubwa, na laiti kila nyumba ya Dodoma ingeliuliza swali hili, kwa kuwa mkoa wetu ndio ghala ya zabibu ya Tanzania na mizabibu yake huvunwa mara mbili kwa mwaka. Zabibu huweza kuyaharibu mafigo ya mbwa hata yakashindwa kuchuja damu. Wataalamu walihangaika miaka mingi wakiitafuta sumu yenyewe, na tangu 2021 dhana yao imeelekea kwenye asidi ya tatariki, ambayo tunda hili linayo kwa wingi kuliko matunda mengi. Wala hakuna kiasi kinachojulikana kuwa cha salama: yuko mbwa atakayemaliza kichala kizima asidhurike, na yuko atakayeugua kwa punje chache, ilhali kwa kuwatazama huwezi kuwatenganisha. Zabibu kavu ni kali zaidi, maana maji yameondoka na sumu imebaki. Na makapi yaliyokamuliwa mvinyo nayo yasiachwe wazi.

Swali: Mifupa ya nyama choma ya mnada wa Msalato je?

Jibu: Iacheni huko huko mnadani. Mfupa uliopita motoni hupasuka vipande vyenye ncha, navyo hutoboa utumbo.

Swali: Tukichinja mbuzi nyumbani, mbwa hupewa mapafu na ini lenye malengelenge.

Jibu: Hapo wa kuhofiwa ni wewe na wanao kuliko mbwa. Malengelenge hayo yamkini ni vifuko vya mnyoo ambao, ukimezwa na mbwa, hukua katika utumbo wake bila kumwonyesha ugonjwa, kisha mayai yake hutoka na kinyesi, yakashika manyoya na mikono ya watoto, na hatimaye vifuko kama vile vile vikaota katika ini la mwanadamu. Chemsheni nusu saa kamili, au zikeni kwenye shimo refu asilolifukua.

Swali: Karanga?

Jibu: Chache, zisizo na chumvi, na zilizo safi. Zenye ukungu, ambazo mwenyewe hungezila, usimpe, kwani sumukuvu, ile iliyoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016 kwa njia ya mahindi, huharibu ini la mbwa upesi mno.

Swali: Ikiwa ameshakula zabibu, tumnyweshe maziwa?

Jibu: Maziwa hayaiondoi sumu hiyo, na maji ya chumvi ya kumtapisha ni hatari nyingine. Msingoje kutapika, kulegea wala kukataa chakula. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo saa ile ile, kwa sababu tiba ya kumtapisha hufaa mwanzoni tu, na mkojo ukishakatika, wanaopona ni wachache.