Kuutarajia Msimu wa Neema: Somo kwa Mlaji wa Samaki Mkoani Simiyu

Kusudi la somo: Baada ya kulisoma somo hili, mlaji ataweza kueleza kwa nini samaki hujaa na kuadimika kwa vipindi, atazipima habari za msimu mzuri kabla ya kutoa fedha, na ataujua wajibu wake katika kuilinda akiba ya samaki.

1. Samaki wa Bariadi hutoka wapi

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 nao una wilaya tano. Kati ya hizo, ni Busega peke yake inayogusa maji ya Ziwa Victoria, upande wa Ghuba ya Speke. Samaki anayepitia Lamadi husafiri takribani kilomita 70 kabla ya kufika sokoni Bariadi, na mlaji wa Maswa, Itilima au Meatu yuko mbali zaidi. Kwa sababu hiyo, habari za mwaloni humfikia mlaji zikiwa zimekwisha kupita midomo mingi. Husemwa kwamba juma lijalo dagaa watajaa, au kwamba sangara wamekwisha ziwani. Mwenye kuamini bila kupima huweza kununua gunia kwa bei ya juu siku chache kabla ya bei kushuka, au kukopa mtaji kwa ajili ya neema isiyotokea.

2. Ishara zinazoaminika

Ishara ya kwanza ni mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa kuwa huvutwa na mwanga. Mwezi unapokuwa mpevu, mwanga wa taa hauna nguvu, na wavuvi wengi hupumzika. Wakati wa giza unaporejea, mitumbwi huingia tena majini. Basi uhaba wa dagaa wakati wa mbalamwezi si dalili ya kwamba ziwa limepungukiwa. Mlaji anayeweza kusubiri siku chache asikubali kutishwa na bei ya siku hizo.

Ishara ya pili ni mvua. Dagaa wengi huanikwa juani, wengine juu ya vichanja na wengine mchangani. Mvua za mfululizo zinapoanguka, dagaa wanaweza kuvuliwa kwa wingi na bado wakaharibika kabla ya kukauka. Katika kipindi hicho mlaji aangalie zaidi ubora kuliko bei: dagaa mwema amekauka, anang'aa, hana ukungu wala harufu ya uvundo, na hajajaa mchanga.

Ishara ya tatu ni taarifa za wataalamu. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, hushirikiana na wenzao wa Kenya na Uganda kupitia Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa mwaka 1994 na lenye makao makuu Jinja. Watafiti hupeleka mawimbi ya sauti majini na kusoma mwangwi unaorudishwa na makundi ya samaki. Pia huhesabu wavuvi, mitumbwi na nyavu, na hupima samaki wanaoshushwa mialoni. Kwa njia hizo hukadiria akiba iliyopo pamoja na nguvu ya uvuvi inayoikabili.

3. Makadirio si ahadi

Hata penye ujuzi mkubwa, makadirio huweza kukosea. Nchini Kanada, samaki aitwaye samoni huzaliwa mtoni, hukulia baharini, kisha hurudi mtoni kutaga mayai. Mwaka 2009, katika mto Fraser, walitarajiwa samoni wa aina ya sockeye takribani milioni 10, lakini waliorudi hawakufika milioni 2. Mwaka uliofuata walirudi karibu milioni 30, kuliko ilivyotazamiwa. Wasimamizi wa mto huo hawategemei makadirio ya awali pekee. Huendelea kuwahesabu samaki wanaporudi, na hufungua au kufunga uvuvi kulingana na hesabu hiyo, ili wa kutosha wafike kwenye mazalia.

Funzo kwa mlaji ni hili: matarajio mema yasimfanye mtu atumie akiba yake yote mara moja. Mama lishe anayehitaji magunia matatu ya dagaa kwa msimu anaweza kununua moja kwanza, akaangalia bei ya giza linalofuata, ndipo akanunua mengine.

4. Ningu: samaki aliyekuwa akipanda mito yetu

Ziwa Victoria nalo lina samaki mwenye tabia inayofanana na ya samoni. Huyo ni ningu, ambaye huishi ziwani na hupanda mito wakati wa mvua ili kutaga mayai. Zamani mito iingiayo ziwani ilijaa ningu mvua zilipoanza, na watu waliusubiri msimu huo kama wanavyousubiri mavuno.

Wingi huo ndio uliowaponza. Kwa kuwa wakati na njia ya ningu vilijulikana, nyavu zilitegwa kwenye midomo ya mito, zikawanasa samaki wenye mayai kabla hawajataga. Kufikia katikati ya karne iliyopita uvuvi wa ningu ulikuwa umeporomoka, na haujarudi katika hali yake ya kale. Si kwamba hapakuwa na onyo la jumla. Uchunguzi wa uvuvi wa ziwa zima uliofanywa na Michael Graham mwaka 1927 na 1928 ulipendekeza nyavu za makila zisiwe na macho yaliyopungua inchi 5, ili samaki wachanga wapite. Ni vizazi vya baadaye vilivyolipa gharama ya kutozingatia kiasi.

5. Kipimo cha samaki halali

Kanuni zinazotumika ziwani zinakataza kuvua na kuuza sangara aliyepungua urefu wa sentimita 50, na sato aliyepungua sentimita 25. Aidha, makokoro, nyavu za timba, sumu na baruti vimepigwa marufuku. Urefu hupimwa kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia. Rula ya mwanafunzi yenye sentimita 30 yatosha kumpima sato. Kwa sangara, mlaji aweza kuweka alama ya sentimita 50 kwenye kamba na kuibeba mkobani.

Ni kweli kwamba samaki mdogo huonekana kuwa rafiki wa mfuko mdogo. Lakini tuhesabu. Samaki anapoongezeka urefu mara mbili, uzito wake huongezeka takribani mara nane. Sangara wa sentimita 25 akiachwa afikie sentimita 50 atatoa kitoweo cha nyumba nane badala ya moja, na huenda akawa amekwisha kuzaa. Mwenye fedha kidogo atafanya vyema kununua kipande cha samaki mkubwa, au dagaa, ambaye ni mdogo kwa maumbile yake, hukomaa upesi na huzaliana haraka.

6. Wingi wa uongo

Si kila wingi ni neema. Yapo majira ambapo maji ya chini yenye hewa kidogo hupanda juu, na sangara wengi hufa kwa kukosa hewa, kama ilivyotokea upande wa Uganda mwishoni mwa mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2021. Samaki aliyeokotwa akielea asinunuliwe, hata kama bei yake ni ya kutupa. Samaki mbichi aliye salama ana macho angavu yaliyojaa, matamvua mekundu, na nyama inayorudi mahali pake ikibonyezwa.

7. Wajibu wa mlaji

Kwanza, ulizia hali ya giza na ya mvua kabla ya kununua kwa wingi. Pili, pima urefu, na umkatae samaki mchanga kwa upole lakini bila kusita. Tatu, hakikisha samaki anapimwa kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Dagaa wanaouzwa kwa sado linganisha ujazo wa muuzaji mmoja na mwingine. Nne, ukiona samaki wachanga wakiuzwa waziwazi, mwarifu afisa uvuvi wa halmashauri. Ukiwa mwaloni, uarifu uongozi wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi.

Mvuvi huvua anachojua kwamba kitanunuliwa. Samaki mchanga akikosa mnunuzi Bariadi, wavu wa macho madogo utakosa faida Busega.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini bei ya dagaa hupanda wakati wa mwezi mpevu?
2. Ni kosa gani lililofanywa kwa ningu ambalo laweza kurudiwa kwa sangara?
3. Ukiambiwa kwamba msimu ujao utakuwa wa neema, utauliza maswali gani kabla ya kukopa fedha za mtaji?