Homa Baada ya Chanjo ya Surua na Rubela

Mtoto amechanjwa siku ya Jumatatu, akacheza wiki nzima bila shida. Jumanne ya wiki iliyofuata mwili ukawa wa moto. Mzazi aliyeambiwa tu kwamba chanjo ni salama huona amefichwa jambo, na huenda asimrudishe mtoto kwa dozi ya pili. Kwa maoni yetu, lawama hapo si ya mzazi.

Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, ambavyo huchukua siku kadhaa kuuamsha mwili ujenge kinga. Ndiyo maana homa, pengine pamoja na vipele vichache, hutokea kati ya siku ya 5 na ya 12. Watoto 5 hadi 15 kati ya 100 huipata, nayo hupoa baada ya siku moja au mbili. Degedege litokanalo na homa humpata takriban mtoto 1 kati ya 3,000. Humtisha mzazi mno, lakini kwa kawaida halimwachii mtoto ulemavu. Mzio mkali ni wa nadra zaidi, takriban mara 1 katika dozi milioni moja, na mara nyingi huanza ndani ya dakika chache. Kwa sababu hiyo twamwomba mzazi akae kituoni nusu saa baada ya sindano, hata kama safari ya kurudi ni ndefu.

Surua yenyewe huleta nimonia, kuhara na hata upofu, na huua. Watu 9 kati ya 10 wasio na kinga walio karibu na mgonjwa huweza kuambukizwa. Dozi ya miezi 9 huwakinga takriban watoto 85 kati ya 100. Ya miezi 18 imewekwa hasa kwa ajili ya wale waliobaki, na hakuna mzazi ajuaye mtoto wake yumo kundi gani. Katika vijiji vya Bariadi, Itilima na Meatu, tarehe hiyo ikiangukia msimu wa kuvuna pamba, kliniki huahirishwa kwa urahisi. Aliyechelewa apelekwe vivyo hivyo, hataanza upya.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kila homa baada ya sindano ni ya chanjo. Simiyu kuna malaria. Mtoto mwenye homa apimwe damu, avuliwe nguo nzito na kupewa maji au kunyonyeshwa zaidi. Parasetamoli atumie kwa kipimo alichoelekezwa na mtoa huduma, wala asipewe aspirini. Akipata degedege, akishindwa kunyonya, akipumua kwa shida au akilegea, apelekwe kituoni mara moja, iwe usiku au mchana.

Kikohozi kidogo au mafua hayazuii chanjo. Lakini aliyewahi kupata mzio mkali baada ya dozi iliyopita, au mwenye upungufu mkubwa wa kinga, mhudumu aelezwe kabla ya kuchoma sindano.

Tukio lolote linalomtia mzazi wasiwasi liripotiwe katika zahanati au kituo alikochanjwa mtoto, na taarifa hiyo itaifikia Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Mzazi aje na kadi ya kliniki, kwani tarehe ya chanjo hutusaidia kufuatilia namba ya toleo lililotumika. Hatakiwi kuthibitisha kwamba chanjo ndiyo chanzo. Uchunguzi huo ni kazi yetu.