Mada Ndogo: Mgawanyo wa Kazi kwa Jinsia na Asili katika Njia ya Misafara ya Tabora

Baada ya kusoma mada hii, uweze:
(i) kueleza nani alifanya kazi gani katika biashara ya misafara;
(ii) kueleza jinsi reli ilivyobadili ajira;
(iii) kujenga hoja bila kutumia dhana potofu kuhusu kabila au jinsia.

1. Msingi
Katika karne ya 19, Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Meno ya tembo yalishuka pwani; nguo, shanga na bunduki zilipanda bara. Kwa kuwa mbung'o waliua wanyama wa mizigo, bidhaa zilibebwa na binadamu.

2. Mgawanyo kwa asili
- *Wahindi wa Zanzibar:* walikopesha mtaji na bidhaa.
- *Waarabu na Waswahili:* waliendesha biashara na kumiliki mashamba Tabora.
- *Wanyamwezi:* walikuwa wapagazi wa ujira, viongozi wa njia na wanyapara. Baadhi yao walituma misafara yao wenyewe.
- *Watumwa, wakiwemo waliotoka Manyema:* walilima na kufanya kazi za nyumbani bila ujira.

Epuka kosa hili: Watahiniwa wengi huandika kwamba Wanyamwezi walikuwa wapagazi "kwa sababu wana nguvu kwa asili". Hiyo si hoja ya kihistoria. Andika sababu zinazothibitika:
(a) Walikwisha kuzoea biashara ya mbali ya chumvi ya Uvinza na majembe ya chuma kabla ya Waarabu kuweka makazi Tabora.
(b) Safari zilifanyika zaidi kiangazi, baada ya mavuno.
(c) Ujira wa nguo uliwawezesha kununua ng'ombe na kuoa.
(d) Kijana aliyefika pwani alipata heshima kijijini.

3. Mgawanyo kwa jinsia
Mpagazi mwanamume alibeba takribani kilo 30, akapewa ujira na posho. Wapo wanawake waliosafiri na waume zao, wakabeba vyungu, chakula na watoto, na kupika kambini. Wachache walibeba mizigo kwa ujira. Waliobaki nyumbani waliendeleza kilimo miezi yote ambayo wanaume hawakuwepo.

Kazi hiyo haikuonekana katika hesabu za mfanyabiashara. Hata hivyo, bila mwanamke kulima na kupika, mpagazi asingeweza kusafiri. Kazi isiyolipwa bado ni kazi.

4. Reli na ukosefu wa ajira
Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Behewa moja lilibeba mizigo ya mamia ya wapagazi, hivyo kazi ya upagazi katika njia hiyo ikafa. Kodi ya serikali, hata hivyo, haikufa. Wanaume wengi wa Unyamwezi walikwenda kutafuta kibarua katika mashamba ya mkonge, hasa Tanga. Wakati wa Waingereza, vibarua wa mkataba waliitwa manamba. Ujira wao ulikuwa mdogo, kana kwamba hawana familia; familia iliendelea kulishwa na jembe la mwanamke kijijini.

Katika ajira ya serikali ya kikoloni, mishahara ilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini.

5. Uhusiano na leo
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya jinsia, kabila, rangi na mengineyo. Unaposikia "kazi hii ni ya kabila fulani" au "hii si kazi ya mwanamke", uliza: nani aliigawa hivyo, lini, na kwa faida ya nani?

Kumbuka: Mgawanyo wa kazi hutokana na biashara, kodi, sheria na mila. Hayo yakibadilika, nao hubadilika.

Maswali ya kujipima
1. Taja sababu nne zilizowafanya Wanyamwezi wengi kuwa wapagazi.
2. "Reli ilileta maendeleo na ukosefu wa kazi kwa wakati mmoja." Jadili kwa kutumia mfano wa Tabora.
3. Eleza mchango wa wanawake katika biashara ya misafara. (*Dokezo:* usiishie kwenye waliosafiri, wataje pia waliobaki.)